Hodi ya Tatu

Ngazi za nyumba yetu zina vidato kumi na tisa. Ni za mbao, zimebanwa na kuta mbili nene, na ndani yake mna giza hata saa saba za mchana. Juu hazina mlango. Anayepanda huibukia ukumbini, kichwa kwanza, na akiwakuta wanawake wamevua mabuibui na kufumua nywele, basi ameibukia pabaya. Kwa sababu hiyo marehemu baba yangu, kwa miaka yote aliyokaa humo na mama yangu, hakuzipanda bila ya kupiga hodi kutoka chini na kuitikiwa. Alipiga hodi tatu, na kati ya moja na nyingine aliacha nafasi ya kuvuta pumzi. Akikosa jibu hakuuliza kwa nini. Aligeuka, kama dini ilivyomfundisha, akaenda kukaa barazani nje mpaka wageni wa mama watoke.

Tulikuwa tukimtania. Nikimwambia, "Baba, umekuwa mgeni kwako?" hunijibu, "Nyumba ya mamaako hii. Mie nimepanga tu." Mama husikia huko jikoni na kujifanya hakusikia. Lakini mara nyingi hodi ya kwanza haikuwahi hata kwisha, mama alikuwa ameshaitika: "Karibu, panda, hakuna mtu." Hakuna mtu, yaani hakuna mgeni wa kike wa kumwonea haya. Maneno hayo niliyasikia tangu sijajua kuhesabu.

Sauti ya baba ilikuwa nzito na haikuwa na haraka. Hakuwa mtu wa kupaza. Hodi yake ilipanda ngazi kabla yake ikaingia kila chumba, na hata aliyekuwa juu darini akianika nguo aliisikia.

Na sauti yangu mimi ndiyo ile ile. Sisemi inafanana na yake, kama watu wanavyosema mtoto kachukua pua ya fulani. Nasema ni ile ile, imewekwa katika koo la mwanamke, na hilo ndilo lililonitaabisha umri wangu wote.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, mchana mmoja, nilikuwa peke yangu chini, nyuma ya mlango wa nje, nasugua mkeka. Mtu akabisha. Nikauliza, "Nani?" Yule bwana akaniamkia Shikamoo. Akaendelea palepale, nje ya mlango, kunieleza habari za mkewe: kwamba yuko kwao tangu Ijumaa, kwamba kosa ni lake yeye mume, na kwamba ananiomba mimi, mzee wake, nikamsemee. Kila alipotua nilikuwa nasema, "Mm." Sikukusudia utani, nilikuwa nimeogopa. Mwishowe akanishukuru kwa kumsikiliza akaenda zake.

Baba alipohadithiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Na kweli alikwenda kumsemea yule bwana, na mke akarudi. Mama hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyegundua ufa mpya ndani ya nyumba.

Kuanzia wiki hiyo alinifunza. Ananiita akiwa chumba kingine, nami naitika, "Abee." Anasema, "Ipandishe." Naitika tena. "Ipandishe." Akiona bado, anakuja kunitia vidole viwili chini ya kidevu na kukiinua, na mimi naitika "Abee" nikitazama boriti. Alikuwa akisema, "Huyo atakayekuja kukuoa asije akadhani kakosea mlango." Alinifunza hivyo kwa miezi, bila ya kunipiga wala kunigombeza, na mkono wake ulinukia vitunguu thomu. Hakuwa mkatili. Alikuwa na hofu, na hofu yake alinipa mimi niibebe. Nilimkasirikia kwa miaka ishirini, kwa sauti nyembamba.

Ikawa ndiyo sauti yangu ya watu. Niliolewa nayo na nikaachika nayo. Mume niliyekaa naye miaka minne aliisikia sauti yangu ya kweli mara moja tu, nina homa, nikaomba maji, naye akauliza chumbani kuna nani. Nikawa mwalimu wa darasa la kwanza, watoto hamsini na kitu katika chumba kimoja, na kila siku nilipanda juu kabisa ya koo langu nikazungumza kutoka huko, kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya mchana. Jioni nilikuwa na maumivu hapa, chini ya masikio, na nilidhani walimu wote wanayo.

Halafu ikaanza kukatika. Kwanza mwisho wa wiki, kisha kila siku baada ya mapumziko, kisha asubuhi moja nikafungua mdomo mbele ya watoto ikatoka pumzi tupu. Daktari wa koo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono ya baridi. Alinichungulia kwa kimrija chenye taa, akaniambia nyuzi zangu za sauti zimeota vinundu viwili.

"Unazungumza mahali pasipo pako," akasema. "Nani kakufunza?"

Nikamwambia hakuna. Sijui kwa nini nilimlinda mama mbele ya mtu asiyemjua.

Akanipa wiki mbili za kimya. Nisizungumze, nisinong'one, nisisome kwa kutoa sauti. Nikakaa nyumbani na daftari la skuli na kalamu. Nilichotaka kusema nilikiandika, na baba, ambaye koo lake halikuwa na tatizo lolote, naye alikuwa akinijibu kwa kuandika. Nilimwandikia, "Baba, wewe unaweza kusema." Akaandika chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala, "Najua. Nakupa kampani." Mama alikuwa akituona tumeinamia daftari kama wanafunzi wawili na alikasirika kidogo, kwa sababu alihisi tunamsengenya.

Siku ya tisa, wakati wa chai ya asubuhi, baba alisema lile neno. Sikumwomba aliseme. Alikuwa akimenya muhogo, na bila ya kumtazama mama akasema, "Mtoto alikuwa na sauti yake. Wewe ukamtafutia nyingine. Sasa hana ile wala hii."

Mama aliweka kikombe chini. Alinawa mikono, akaingia chumbani, akateremsha pazia. Baba alikaa kidogo, akavuta daftari langu, akaandika: "Changu au kolekole?" Nilijua maana yake, anakwenda sokoni Darajani kutafuta suluhu, na suluhu ya mama ilikuwa samaki. Nikaandika, "Changu." Akatikisa kichwa kukubali, akavaa kofia yake, akashuka.

Alirudi baada ya sala ya Adhuhuri. Nilikuwa ukumbini, nimekaa chini, miguu nimeinyoosha, mto uko mgongoni, nasahihisha madaftari niliyoletewa kutoka skuli. Pazia la chumba cha mama lilikuwa bado limeshuka. Nikasikia mlango wa nje, halafu hodi ya kwanza.

Nilitazama pazia. Nilijua mama ameingia kusali, na anayesali haitiki. Hodi ya pili. Nikashika kalamu, sijui nilitaka kumwandikia nani. Ningeweza kupiga makofi. Ningeweza kugonga ubao wa ngazi kwa kiatu. Ningeweza kunyanyuka, nikashuka vidato kumi na tisa na kumpokea mfuko. Lakini nilikuwa nimekaa vizuri. Ndiyo hivyo, nimekwisha kusema. Nilikuwa nimekaa vizuri, na nikasema moyoni, atakwenda barazani kidogo, baraza anaipenda, mama akitoa salamu ya mwisho atamwita. Ikaja hodi ya tatu. Nimeisikiliza tena mara nyingi tangu siku ile na mpaka leo sijui kama ilikuwa dhaifu kuliko zile mbili au mimi ndiye ninayeidhoofisha. Kisha nikasikia makubadhi yake yanageuka.

Waliopita uchochoroni walidhani amesinzia. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alimwona ameegemea ukuta, kofia imemshuka usoni, akamwacha apumzike. Ni adhana ya Alasiri ilipoisha, na baba hajanyanyuka, ndipo fundi alipokwenda kumshika bega. Mfuko wa changu ulikuwa pembeni yake umepigwa na jua. Hospitali walisema ni moyo. Niliandika kwenye daftari, "Angekuwa ndani na watu, angepona?" nikampa daktari kijana wa zamu, naye akasoma, akanirudishia, akasema Mungu ndiye ajuaye.

Kwa hiyo nilimzika baba yangu bila ya sauti. Wenzangu walilia, na mimi nilikuwa nafungua mdomo na kuufunga. Wanawake walinipapasa mgongo wakisema msiba umenikata ulimi. Sikuwa na nguvu ya kuwaandikia kwamba ni amri ya daktari. Mama aliingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, kanga kuukuu, bila ya wanja, bila ya manukato, bila ya kuonekana na mwanamume asiye wa damu yake. Sikumwambia kwamba nilisikia. Nilijiambia nitamwambia sauti ikirudi.

Wiki mbili za kimya zilipokwisha nilirudi kwa yule mwanamke mwenye mikono ya baridi. Alinipa pole. Kisha akanikalisha wima, akasema tusianze na maneno. "Mimi nitakusimulia jambo, na wewe niitikie tu, kama unavyomwitikia shoga yako, bila ya kufikiri." Akaanza kunisimulia habari za paka aliyemwibia nyama. Nikasema, "Mm."

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo pako. Weka mkono kifuani. Unasikia panavyotetemeka? Sasa kutoka hapohapo, hesabu."

Nikahesabu moja, mbili, na kwenye tatu nikanyamaza, kwa sababu aliyekuwa akihesabu alikuwa baba. Daktari aliniuliza panauma wapi. Nilimwambia hapaumi. Na kweli hapakuuma, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu utoto sauti ilitoka bila ya kusukumwa, na ilitoka ikiwa ya mtu aliyezikwa siku sita zilizopita.

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimefunga mdomo. Usiku na mchana nilikuwa naogopa koo langu. Nikisali na kusoma Fatiha nilimsikia nyuma yangu, kama alipokuwa akituongoza mimi na mama, ila wakati ule alikuwa akisimama mbele, na sasa alikuwa nyuma. Siku moja nilimsalimia fundi cherehani bila ya kufikiri, na guu lake likasimama juu ya mashine. Hakunijibu salamu. Akasema, "Astaghfirullah," akaendelea kushona, na tangu siku hiyo akiniona anawahi yeye kunisalimia, haraka, nisije nikaanza mimi.

Skuli haikuwa tabu. Watoto walishangaa siku mbili, ya tatu wakasahau. Nilisema, "Kaeni," nao wakakaa, jambo ambalo halikuwahi kutokea mwaka mzima.

Nyumbani ndiko kulikuwa na kazi. Wiki ya tatu ya eda wanawake walikuwa wakija kila alasiri kumsomea mama Yasini. Siku hiyo nilirudi nimebeba sukari, tambi na maziwa ya kopo, mikono yote miwili imejaa, nikataka mtu ashuke anipokee. Nikasimama chini ya ngazi, katika lile giza. Sikumkumbuka baba wakati ule, ninaapa. Nilikumbuka tu maagizo ya daktari, kwamba nisipaze, niiache itoke. Nikasema, "Hodi."

Juu pakawa na vurumai. Nikasikia kikombe kinaanguka, mabuibui yanavutwa, mtu anasema "Mwanamume, jamani, mwanamume." Na juu ya fujo hiyo yote nikasikia sauti ya mama, nyepesi, ya haraka, kama ya mtu anayekimbia.

"Karibu, panda, hakuna mtu."

Nikapanda. Ukumbi ulikuwa na wanawake wanane. Wengine walikuwa wamejigubika, mmoja alikuwa amejifunika kitambaa cha meza. Mama, ambaye kwa eda yake ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kukimbia chumbani, alikuwa amesimama ukingoni mwa ngazi, kichwa wazi. Alinitazama usoni. Kisha akatazama nyuma yangu, chini, gizani.

"Ni wewe," akasema, akakaa.

Hakuna aliyecheka. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa akiisimamia nyumba wakati wa msiba, alinivuta jikoni. Alisema sauti ya maiti haifai kuzurura nyumbani mwa mwenye eda, kwamba namtonesha mamangu kidonda, kwamba huenda nimeingiwa na kitu. Siku ya pili akaniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa siku saba. Sikukataa, kwani daktari naye aliniambia ninywe maji kwa wingi. Lakini kila nilipomaliza kunywa nilikuwa najijaribu kwa siri, "Mm," na alikuwa yuleyule.

Basi nikaamua. Ndani ya nyumba ile, mpaka mama atoke eda, nitaitumia sauti aliyonifunza. Nilijiambia ni huruma kwa mama, na huruma ilikuwemo. Ila pia niliogopa kumsikia baba akiita kwa kinywa changu pale pale ambapo mimi sikumwitika. Nikawa nafika chini ya ngazi, nainua kidevu, napanda juu ya koo, na hodi inatoka nyembamba. Mama anajibu, "Pita," bila ya kusema lingine.

Alianza kukaa mahali papya. Kila alasiri, saa nilizokuwa nikirudi, alihamisha mkeka wake akauweka karibu na ngazi, mgongo ukutani, shingo ameielekeza chini. Nikiibuka baada ya hodi namkuta amekunja uso. Nilidhani anaogopa, anasikiliza kwa hofu isije ikarudi ile nyingine, na nikazidi kuinua kidevu. Alikuwa hali chakula vizuri, alikuwa akila tonge tatu na kusema nshashiba. Shangazi alisema ndivyo wajane walivyo.

Alasiri moja nilikuwa naosha vyombo nikamsikia baba. Alisema, wazi kabisa, kutoka chumbani kwa mama: "Nshafika Bwejuu. Jua kali, usiniwekee chakula." Sahani ilinitoka. Nilikimbia mpaka kwenye pazia, na hapo nikaisikia tena, maneno yaleyale, na kelele ileile ya upepo. Ilikuwa simu. Alimtumia ujumbe huo wa sauti siku moja alipokwenda kuwaona watu wake, na mama alikuwa amelala ubavu, simu kaiweka sikioni, anaurudia. Sikuingia. Nilikwenda kuokota vipande vya sahani, na nilikuwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Mwezi wa nne sauti ilianza tena kukatika. Daktari alinichungulia, akavua glavu zake, akaniuliza nimerudi kule juu kwa sababu gani. Nikasema ni kwa nyumbani tu, saa chache. Akasema koo halijui nyumbani wala kazini, na kwamba vinundu vikikua tena itabidi nikatwe, na aliyekatwa hana dhamana ya kurudishiwa sauti aliyokuwa nayo. Nilihesabu siku zilizobaki za eda. Ishirini na sita. Nikadhani zitapita.

Zilipita. Siku ya mwisho, kabla ya shangazi kuja na udi na kanga mpya kumtoa mama eda, mama aliniomba nimfumue nywele nimchane, ili akoge vizuri. Ilikuwa asubuhi, mwanga wa dirishani umemwangukia mabegani. Nywele zake zilikuwa zimeota nyeupe kiasi cha kidole kizima tangu msiba, kwa kuwa hakuzitia hina.

"Babaako alisema mie ndiye niliyekuharibia sauti," akasema.

"Nnajua, mama. Nilikuwepo."

"Alisema kweli, ndiyo maana nikanuna." Nikavuta kitana mara mbili, mara tatu. "Nilikuwa nshamaliza kusali siku ile. Nimekaa tu juu ya mswala. Nikasema, leo na asubiri huko barazani, ajue. Nilizisikia zote tatu."

Kitana kilisimama nyweleni mwake. Miezi minne na siku kumi nilikuwa nimekibeba kitu changu peke yangu, nikikifunika kwa sauti nyembamba, na alikuwa nacho na yeye, ng'ambo ya pazia.

"Na mie nilizisikia," nikasema.

"Wewe ulikatazwa kusema."

"Sikukatazwa kupiga makofi. Nilidhani uko kwenye sala."

"Mie nilidhani utashuka wewe," mama akasema.

Hatukutazamana. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilishukuru kwa hilo. Nililia, na safari hii kilio kilikuwa na sauti, sauti nzito mbaya ya mwanamume anayelia, na mama hakugeuka, ila alinyoosha mkono nyuma akanishika kifundo cha mguu.

"Nenda chini," akasema baadaye. "Kapige hodi. Ile yako. Si hii unayonifanyia humu ndani, inanikera masikio. Nakaa pale ngazini kila siku nakusubiri uipige, na wewe unaniletea kinda la kuku."

"Nilidhani inakutisha."

"Inanitisha. Nenda."

Nilishuka. Chini palikuwa na giza lilelile na harufu ya chokaa mbichi. Nikasimama pale alipokuwa akisimama, nikaweka mkono kifuani, nikasema "Mm" kwa sauti ya chini kutafuta mahali. Kisha nikasema, "Hodi."

Ilipanda. Niliisikia inaingia ukumbini, inaingia chumbani, inafika jikoni. Nikangoja jibu, na jibu halikuja. Nikavuta pumzi, kama alivyokuwa akivuta.

"Hodi."

Kimya. Hapo nikaelewa anachokifanya. Alikuwa amekaa kama alivyokaa siku ile, anasikiliza kile alichokisikiliza siku ile, na alikuwa ameniweka mimi mahali pa baba. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, natazama juu kwenye lile jicho dogo la mwanga, na kwa mara ya kwanza nilijua jinsi ilivyo kusimama chini ya ngazi zile na juu pasiwe na mtu anayekutaka. Nyuma yangu ulikuwa mlango, na nje ya mlango baraza. Ilibaki moja. Nilifungua mdomo nikaufunga.

"Bado ya tatu," mama akasema kutoka juu.

"Siipigi, mama."

"Kwa nini?"

"Nikiipiga usipoitika itabidi nirudi."

Nililisema hilo bila ya kuinua kidevu, bila ya kusukuma, pale palipo pangu. Nikasikia kanga inabururika, na mbao za ukumbi zinalia chini ya miguu yake, akaja akasimama ukingoni, kivuli tu, nywele zimefumka.

"Panda, mwanangu," akasema. "Hakuna mtu."

Nikaanza kupanda, mkono ukutani. Nilipofika kama kidato cha kumi aliniita jina langu, kwa namna ileile ya zamani aliyokuwa akiniita kutoka chumba kingine. Nikaitika, "Abee," na ilitoka ya baba, nzito, ikajaa ngazi zote. Nikangoja. Hakuniambia niipandishe.